Simu kwa Mzazi, Mchezo kwa Mtoto

Utafiti wa afya ya akili uliofanyika Rwanda nzima mwaka 2018 ulitoa takwimu mbili ambazo mtu akizisoma pamoja anaona ukubwa wa tatizo. Asilimia 61.7 ya waliohojiwa walijua mahali huduma ya afya ya akili inapopatikana. Waliosema wamewahi kuitumia walikuwa asilimia 5.3 tu. Huduma ipo, watu wanaijua, na hawaendi.

Jambo la tatu limejificha katika namna utafiti wenyewe ulivyofanywa. Waliohojiwa walikuwa na umri wa miaka 14 hadi 65. Katika watu wote, mmoja kati ya watano alikutwa na tatizo la afya ya akili. Kwa manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi walikuwa zaidi ya nusu. Kwa vijana wa miaka 14 hadi 18, takriban mmoja kati ya kumi. Mtoto wa miaka sita, tisa au kumi na mmoja hayumo kabisa katika hesabu hiyo. Hawezi kwenda kituo cha afya peke yake, wala hana maneno ya kueleza kinachomsumbua. Mara nyingi wa kwanza kugundua kwamba hali si shwari ni mwalimu anayelalamika kuwa mtoto amekuwa mkorofi, au mama anayeshangaa mbona ameanza tena kukojoa kitandani.

Ndiyo maana mjini Kigali, kama ilivyo Nairobi au Dar es Salaam, njia mbili zinatazamwa kwa matumaini. Ya kwanza ni tiba kwa njia ya mchezo, inayompa mtoto nafasi ya kueleza kwa mikono yale yaliyomshinda kwa mdomo. Ya pili ni ushauri nasaha wa mbali, kwa simu au kwa video, unaoondoa nauli, foleni na macho ya majirani. Wengi wanatamani kuziunganisha: mtoto akae mbele ya kioo cha simu, mtaalamu awe upande wa pili, na tiba ifanyike. Lakini kabla ya kununua vifaa na kuzindua programu, kuna swali la kuuliza: simu hiyo aishike nani? Ushahidi uliokusanywa Rwanda na nje yake unajibu kwamba aishike mzazi. Simu inamfaa mtoto mdogo pale inapomsaidia mtu mzima anayeishi naye. Ikijaribu kuchukua nafasi ya mtu huyo, haifiki mbali.

Wazazi waliokuwa watoto mwaka 1994

Haiwezekani kuzungumzia watoto wa Kigali bila kuwazungumzia wazazi wao. Mwaka 1995, takriban miezi 13 baada ya mauaji kuanza, watoto 3,030 wa miaka 8 hadi 19 walihojiwa sehemu mbalimbali za Rwanda kuhusu waliyoyaona. Asilimia 90 walisema waliamini kwamba watakufa. Asilimia 15 walipona kwa kujificha chini ya maiti. Watoto wale leo wana takriban miaka arobaini hadi hamsini. Ndio akina baba na akina mama wa sasa, ndio walimu, wauguzi, madereva wa teksi na maofisa wa serikali. Wengi wamejenga maisha, wamesomesha, wamefanikiwa. Lakini kila Aprili, wiki ya kumbukumbu ya mauaji inapoanza, nyumba nyingi hubadilika, na mtoto aliyezaliwa miaka ishirini baadaye hujua tu kwamba baba hazungumzi na mama hali chakula.

Wanasayansi wamejaribu kuchunguza jinsi jeraha hilo linavyovuka kizazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rwanda walishiriki, uliwalinganisha akina mama 25 waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji na watoto wao, pamoja na wengine 25 waliokuwa wajawazito wakati uleule lakini nje ya nchi. Akina mama waliokuwa Rwanda walikuwa na dalili nyingi zaidi za kiwewe na sonona, na watoto wao vilevile. Hata alama za kikemikali kwenye jeni inayosaidia kudhibiti homoni za msongo zilitofautiana. Idadi ya waliopimwa ni ndogo, na haifai kusema kwamba mtoto amezaliwa na hukumu. Lakini utafiti ule uliwapa madaktari sababu ya kumtazama mtoto na mzazi wake kwa pamoja.

Si kila shida ya mtoto wa Kigali inatoka mwaka 1994. Mji una watu wapatao milioni 1.7 kwa sensa ya 2022, na una mambo ya miji yote: wazazi waliotengana, pombe, kodi ya nyumba iliyopanda, mtoto aliyeletwa kutoka kijijini kukaa na shangazi asiyemjua. Kuna watoto wenye usonji, ambao kituo cha Autisme Rwanda kilianza kuwahudumia mwaka 2014. Kuna familia za Warundi waliokimbia machafuko ya 2015, ambao shirika la Maison Shalom la Marguerite Barankitse liliwafungulia kituo mjini Kigali, na familia za Wakongo walioacha nyumba zao Kivu. Hizi za mwisho, mara nyingi, husimulia yaliyowapata kwa Kiswahili.

Nchi iliyojifunza kutibu bila madaktari wa kutosha

Hospitali ya Ndera, nje kidogo ya katikati ya Kigali, ilifunguliwa mwaka 1972 na Mabruda wa Upendo, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa hospitali pekee ya magonjwa ya akili nchini. Baada ya mauaji ya kimbari nchi ilibaki karibu mikono mitupu. Naasson Munyandamutsa, daktari wa akili aliyerudi kutoka Uswisi na kufariki mwaka 2016, alianza kazi wakati ambapo mtu mwenye taaluma kama yake alikuwa hapatikani. Ilibidi njia nyingine itafutwe, na ikapatikana kwa watu wa kawaida.

Mwaka 1996 wanafunzi manusura wa Chuo Kikuu cha Taifa, Butare, waliunda chama cha AERG na kujigawa katika familia: mwanafunzi mmoja anachaguliwa kuwa baba, mwingine mama, wengine wanakuwa watoto, na “wazazi” hao ndio wanaofuatilia nani anaumwa, nani hajalipa ada, nani ameacha kula. Mwaka 1998 washauri nasaha wa kiwewe walianzisha shirika lao, ARCT-Ruhuka, wakaanza kuwafunza wengine. Kisha huduma ikashuka hadi hospitali za wilaya, ambako sasa kuna kitengo cha afya ya akili, na chini yake wahudumu wa afya ya jamii walioenea vijijini na mitaani.

Hatua iliyogusa watoto moja kwa moja ilikuja mwaka 2012. Uchunguzi wa serikali ulikuta watoto 3,323 wakiishi katika vituo 33 vya kulelea. Serikali iliamua kuwarudisha katika familia, za ukoo au za kuwalea, kupitia mpango wa Tubarerere mu Muryango, na ikaajiri wanasaikolojia na maofisa ustawi wa jamii wa kuandaa pande zote mbili. Mtoto aliyezoea bweni ilibidi afundishwe kuishi sebuleni. Mama mlezi ilibidi aelezwe kwa nini mtoto huyo anaficha mikate chini ya mto. Baadaye kila kijiji kikapata watu wawili wa kujitolea, mwanamume na mwanamke, wanaoitwa Inshuti z'Umuryango, yaani marafiki wa familia. Kwa kuwa Rwanda ina vijiji 14,837, hao ni karibu watu 30,000.

Kwa hiyo Rwanda ilishajibu swali la nani atawahudumia watoto wakati wataalamu hawatoshi. Atawahudumia mtu wa karibu aliyefunzwa na anayesimamiwa. Lililobaki ni kujua mchezo unaingia wapi, na simu inaingia wapi.

Mchezo unatibu vipi

Tiba kwa njia ya mchezo kama inavyofundishwa leo inamdai mengi Virginia Axline, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechapisha kitabu chake juu ya tiba hiyo mwaka 1947. Msingi wake ni rahisi kueleza na mgumu kutekeleza: mtoto ndiye anayeongoza. Mtaalamu hamfundishi, hamhoji, hamsifu kwa kuchora vizuri. Anakaa chini sakafuni, anafuata, na anayasema kwa sauti tulivu anayoyaona.

Chumba chenyewe hakina maajabu. Kuna wadoli wa familia, baba, mama, bibi na watoto. Nyumba ndogo ya mbao. Wanyama wa kufugwa na wa porini. Vyombo vya kupikia. Vifaa vya daktari. Simu ya kuchezea. Rangi na karatasi. Na sinia la mchanga. Mchanga una historia yake: Margaret Lowenfeld aliutumia London tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, akiwaacha watoto wajenge humo dunia zao. Tuseme mtoto anamzika mdoli mdogo mchangani, anamfukua, anamzika tena. Mtu mzima wa kawaida angeuliza, “Kwa nini unamfukia?” Mtaalamu husema tu, “Umemficha. Sasa hakuna anayemwona.” Mtoto akisikia hivyo anajua ameeleweka bila kushitakiwa, na wiki inayofuata pengine anamtoa mdoli na kumtafutia mahali pa kulala. Mipaka ipo: mchanga haurushwi machoni, mtaalamu hapigwi, saa ikifika kikao kinaisha. Mtoto aliyekulia kwenye vurugu hupata nafuu anapokuta mtu mzima asiyebadilika, mpole na thabiti kila wiki.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2005 Sue Bratton na wenzake nchini Marekani walijumlisha tafiti 93 zilizokuwa na kundi la ulinganisho. Kwa wastani tiba ilikuwa na athari kubwa, 0.80 kwa kipimo cha watafiti. Lililoshangaza ni kwamba pale wataalamu walipocheza na watoto wenyewe, athari ilikuwa 0.72, lakini pale wazazi walipofunzwa na kusimamiwa ili wacheze na watoto wao, ilifika 1.15. Matokeo hayo yalithibitisha wazo ambalo Bernard na Louise Guerney walikuwa wamelipendekeza tangu miaka ya 1960: mfunze mzazi stadi za mtaalamu, mwache acheze na mwanawe nusu saa kwa wiki, kisha kaa naye mzungumze yaliyotokea.

Sababu inaeleweka. Mtaalamu anamwona mtoto saa moja katika juma. Mzazi yupo asubuhi, jioni na usiku wa manane mtoto anapoamka akilia. Na jeraha la mtoto mara nyingi limo ndani ya uhusiano huohuo. Uhusiano ukipona, na mtoto anapona.

Dakika kumi na tano sakafuni

Rwanda ina mfano wake mkubwa wa jambo hili, unaoitwa Sugira Muryango. Ulitengenezwa na timu ya Theresa Betancourt wa Boston College pamoja na shirika la FXB Rwanda, kwa ajili ya familia maskini zilizo katika mpango wa serikali wa kinga ya jamii na zenye mtoto wa miezi 6 hadi 36. Mwaka 2018 ulianza kupimwa katika wilaya za Ngoma, Nyanza na Rubavu, kwa familia 1,049: karibu nusu zilitembelewa, nyingine ziliendelea na huduma za kawaida.

Anayetembelea ni mtu wa jamii aliyefunzwa, tena si mwenye shahada. Anakuja nyumbani mara kumi na mbili. Wanazungumza juu ya lishe, usafi, namna ya kumaliza ugomvi bila ngumi, na historia ya familia yenyewe, shida walizopitia na mambo yaliyowafanya wasimame. Na katika kila ziara kuna dakika kumi na tano za mchezo. Mkeka unatandikwa. Hakuna vitu vya dukani. Kuna gunzi la mahindi lililovikwa kitambaa likawa mdoli, vifuniko vya chupa, kikopo chenye mawe madogo kinacholia kikitikiswa, mpira wa majani ya migomba. Mzazi anacheza, mgeni anatazama na kumwelekeza palepale: msubiri, amekutazama, mjibu; amekuonyesha kikopo, mtajie jina lake. Baba anaitwa naye akae chini. Wapo akina baba ambao hawakuwahi kufikiria kwamba mtoto wa miezi minane ni mtu wa kuzungumza naye.

Mwaka mmoja baadaye watoto wa familia zilizotembelewa walikuwa wamepiga hatua zaidi katika mawasiliano, mijongeo ya mwili, kutatua vijitatizo na kuhusiana na watu. Adhabu za kupiga zilipungua. Ugomvi wa kupigana kati ya wazazi ulipungua pia, na hilo pekee lingetosha kuuhalalisha mpango. Baadaye mradi ulianza kupanuliwa kwa kuwatumia Inshuti z'Umuryango, wale marafiki wa familia waliokwisha kuwapo kila kijiji.

Sugira Muryango haukuitwa tiba kwa njia ya mchezo, wala haukulenga watoto wenye kiwewe tu. Lakini ni msingi uleule wa Axline na wa akina Guerney, umewekwa kwenye mkeka wa Kinyarwanda: mtu mzima anayemfuata mtoto, na mtu wa tatu anayemsaidia mtu mzima huyo asichoke. Kazi ya mtu wa tatu ndiyo ambayo simu inaweza kuifanya.

Simu ilipokuwa daktari

Wanyarwanda si wageni wa huduma ya afya kwa simu. Mwaka 2016 Babyl, tawi la kampuni ya Babylon ya Uingereza, lilianza kazi nchini. Mtu alipiga *811# hata kwa simu ya kitochi, akapangiwa muda, akapigiwa na muuguzi au daktari, na akapata kwa ujumbe mfupi namba ya kuchukulia dawa au kufanyia kipimo. Zaidi ya watu milioni 2 walijisajili. Mwaka 2020 serikali ilitia saini mkataba wa miaka kumi, na bima ya jamii, Mutuelle de Santé, ikawa inalipia. Mwaka 2023 kampuni mama ilianguka huko Uingereza, na huduma ya Kigali ikazimika nayo.

Yapo mafunzo mawili humo. La kwanza ni la kutia moyo: watu watapiga simu ikiwa haihitaji simu janja, ikiwa inazungumza Kinyarwanda, na ikiwa bima inalipa. La pili ni onyo, na kwa afya ya akili ni onyo zito. Aliyekuwa na malaria alipoteza namba, akaenda kituo cha afya. Mtoto aliyezoea sauti ya mshauri mmoja kwa miezi minne hupoteza mtu. Huduma ya namna hiyo haifai kutegemea mfuko ulio mbali kiasi kwamba mjini hakuna mwenye uwezo wa kuuokoa.

Mwaka 2020 janga la korona liliwalazimisha wote kujaribu. Shule zilifungwa katikati ya Machi, wiki moja baadaye watu wakaamriwa kubaki majumbani, na kumbukumbu ya 26 ya mauaji ya kimbari ikafanyika Aprili bila mikusanyiko, watu wakifuatilia kwa redio, televisheni na mtandao. Kwa manusura waliozoea kulia pamoja, ile ilikuwa Aprili ngumu, na sauti ya mtu kwenye simu ikawa msaada pekee uliokuwa karibu. Watoto walirudi shuleni kuanzia Novemba. Duniani kote wataalamu wa tiba kwa mchezo walijifunza wakati huo mambo ambayo hayakuwa katika vitabu: kamera iwekwe chini, usawa wa mkeka, mkoba wa vichezeo utumwe nyumbani mapema, kikao kiwe kifupi, na mtoto chini ya miaka saba hawezi kukaa mbele ya kioo bila mtu mzima pembeni, kwa sababu akichoka huondoka tu.

Ushahidi wa mapema zaidi ulikuwa umeshaonyesha njia. Kuna tiba ya mzazi na mtoto iliyoanzishwa na Sheila Eyberg nchini Marekani miaka ya 1970, ambamo mzazi anacheza na mwanawe huku mtaalamu akiwa nyuma ya kioo akimnong'oneza maelekezo kupitia kifaa cha sikioni. Mwaka 2017 Jonathan Comer na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la watoto 40 wa miaka 3 hadi 5: baadhi walikwenda kliniki, wengine walibaki nyumbani, kamera ikionyesha sebule na sauti ya mtaalamu ikija sikioni kwa mtandao. Waliobaki nyumbani hawakuwa nyuma ya wenzao, na kwa baadhi ya vipimo walitangulia. Mtoto alikuwa na vichezeo vyake, kwenye zulia lake, mahali ukorofi wenyewe unapotokea. Mtoto hakuzungumza na mashine hata mara moja. Mashine ilizungumza na mama.

Karibu zaidi na Kigali, jijini Mwanza, programu ya simu ya ParentApp imejaribiwa kwa wazazi wa watoto wa miaka 10 hadi 17, kwa Kiswahili, na imeundwa ifanye kazi hata bando likiisha. Hiyo nayo humlenga mzazi.

Kwa vijana mambo hubadilika. Aliyefika darasa la sekondari anaweza kukaa peke yake, kusoma, kuandika na kuficha siri. Taasisi ya Shamiri nchini Kenya, chini ya Tom Osborn, ilifanya jaribio na wanafunzi 103 wa sekondari, ambamo baadhi yao walipata kikao kimoja tu cha kompyuta juu ya kukua, kushukuru na kuishi kwa maadili wanayoyathamini. Wiki mbili baadaye dalili zao za sonona zilikuwa zimepungua zaidi kuliko katika kundi la ulinganisho. Kikao kimoja hakiponyi kila kitu, lakini kwa nchi kama Rwanda, ambako kijana mmoja kati ya kumi ana tatizo na wengi hawatakanyaga kliniki, ni mahali pa kuanzia. Kwa umri huo simu inaweza kushikwa na kijana mwenyewe.

Kuta nyembamba

Vikwazo vya huduma hizi hasa vimo ndani ya nyumba. Katika nyumba za kupanga za Nyamirambo, Gatsata au Kimisagara, familia nzima hutumia chumba kimoja au viwili, ukuta ni mmoja na jirani, na ua ni wa watu wote. Mama anayetaka kumweleza mshauri kwamba mumewe ananywa hana pa kusimama. Simu ya kioo mara nyingi ni ya baba, na jioni inarudi ikiwa na chaji kidogo. Mwaka 2023 simu za 4G ziliuzwa kwa faranga 20,000 kupitia mpango wa kuwapatia wananchi simu janja, na hiyo ni hatua nzuri. Lakini video bado inakula bando, na bando ni pesa ya mboga. Huduma inayotaka kuwafikia watu hawa lazima iweze kwenda kwa sauti na ujumbe mfupi, na ikubali kupangwa saa ambayo mama yuko sokoni au kanisani, mahali anapoweza kuzungumza.

Lugha nayo ina uzito. Nyumbani watu hulia kwa Kinyarwanda. Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, ndicho kinachozungumzwa katika mtaa wa Biryogo na katika nyumba nyingi za Wakongo. Programu nyingi za ushauri zinazopakuliwa bure zimetungwa kwa Kiingereza, kwa maisha ya mtoto mwenye chumba chake na mlango wa kufunga. Kuzitafsiri hakutoshi, mifano yake yote inabidi iandikwe upya.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni usalama. Simu ya mzazi ni njia bora pale mzazi anapotaka kusaidia. Pale mzazi ndiye anayempiga mtoto au kumdhalilisha, njia hiyohiyo inakuwa mtego, kwa kuwa mshauri wa mbali hajui nani amesimama nje ya kamera. Sheria ya Rwanda ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2021 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 16, na ni kinga muhimu. Lakini huduma inayoanzia kwenye saini ya mzazi haimfikii mtoto anayemkimbia mzazi. Ndiyo maana laini ya bure ya watoto, 116, inayotumika pia Kenya, Tanzania na Uganda, haiwezi kuachwa ife kwa sababu tu kuna programu mpya. Na ndiyo maana kila anayetoa ushauri kwa mtandao Kigali lazima ajue njia ya kumfikisha mtoto Isange, vituo vya huduma za pamoja vilivyoanza Kacyiru mwaka 2009, ambako polisi, daktari na mwanasaikolojia wanafanya kazi chini ya paa moja. Mtoto mwenye kiwewe kizito, anayetaka kujidhuru au aliyeacha kula, asitibiwe kwa video. Apelekwe hospitali ya wilaya au Ndera, na simu itumike kumpangia safari.

Fedha ziende wapi

Ukiyapanga yote haya, ramani inajichora. Kwa mtoto wa chini ya miaka saba, mchezo uwe wa ana kwa ana na mzazi, na simu iwe ya mzazi kupata maelekezo na faraja kati ya ziara moja na nyingine. Kwa wa miaka saba hadi kumi na mbili, mchezo bado unahitajika, pamoja na mwalimu aliyefunzwa kutambua dalili na muuguzi wa wilaya anayeweza kumpigia mwanasaikolojia akiwa na mtoto mbele yake. Kwa vijana, vikao vifupi vya kidijitali shuleni, laini ya bure, na mtu halisi wa kuwapokea wakisema hali ni mbaya.

Katika umri wote huo, pengo kubwa la Kigali si vifaa. Ni usimamizi. Rafiki wa familia anayejitolea, aliyesikia asubuhi habari za mtoto aliyeona baba yake akimchoma kisu mama, jioni anahitaji mtu wa kumpigia, la sivyo ataacha kazi hiyo kimyakimya, au ataanza kutoa ushauri wa kuokota. Mwanasaikolojia mmoja aliye Kicukiro anaweza kuwasimamia kwa simu watu ishirini walio Bugesera na Kirehe, bila kupanda basi, na kupitia kwao kuwafikia watoto ambao hatawaona maishani mwake. Hii ndiyo kazi ambayo teknolojia inaifanya kwa bei nafuu na kwa usalama zaidi kuliko kumkalisha mtoto wa miaka mitano mbele ya skrini.

Njia ya kuilipia si ngeni. Babyl ilipokuwa hai, Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda ilikubali kwamba mashauriano ya simu ni huduma ya afya na ikayalipia kupitia Mutuelle. Kanuni hiyo inaweza kurudishwa kwa wanasaikolojia waliosajiliwa nchini, katika huduma inayomilikiwa na hospitali za wilaya zenyewe: kikao cha mzazi kwa simu kilipiwe kama kikao cha ana kwa ana, na saa ya usimamizi ihesabiwe kuwa saa ya kazi. Wizara ya Afya, Bodi hiyo na Wakala wa Taifa wa Maendeleo ya Mtoto wanaweza kuanza na wilaya tatu za jiji, Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge, wapime kwa mwaka mmoja ni wazazi wangapi walioendelea hadi kikao cha mwisho na ni marafiki wangapi wa familia ambao hawakuacha kazi, kisha waamue kama gharama hiyo ipelekwe nchi nzima.